Kuruta siyo chipukizi, jamani

Ijumaa iliyopita baada ya swala nimekaa zangu kwa muuza kahawa pale Chikongola, redio inaunguruma, mtangazaji anasoma usajili wa timu fulani, mara nasikia "chipukizi huyo mwenye umri wa miaka 29". Miaka 29! Nikaweka kikombe chini. Mzee aliyekaa pembeni yangu akamumunya kashata yake akaniuliza, sasa kama huyo wa 29 ndo anachipuka, wewe unayeikaribia hamsini utakuwa umeshaota majani kweli? Tukacheka yakaisha, na mi ningeiacha ipite maana si mara ya kwanza kuisikia, ila jioni yake mpwa wangu akaja nyumbani na karatasi.

Huyu mpwa yuko chuo, na siku hizi kahama kwenye soka letu kaenda kwenye ule mpira wa Kimarekani, wa makofia magumu na mpira wenye umbo la yai. Wako kundi zima kwenye simu, wanashindana kutabiri wachezaji gani wapya watazifaa timu zao kuliko wenzao msimu huu. Kachana karatasi ya kaunta buku, kaandika majina matano na nyota kila jina, juu kabisa kapiga mstari mara mbili: CHIPUKIZI WATAKAOBEBA TIMU. "Mjomba hebu cheki, huyu wa kwanza ana mbio sijapata kuona." Nikamuuliza chipukizi au ruki? Akanijibu si kitu kimoja tu mjomba.

Basi ndo hapo.

Maana yenyewe ni fupi. Ruki, kama Wamarekani wanavyomwita, ni mchezaji aliyeko kwenye msimu wake wa kwanza katika ligi ile, awe na miaka 19 awe na 30. Chipukizi ni kijana ambaye bado anakua kimchezo, awe msimu wa kwanza awe wa nne. Na kutabiri mchango wa maruki ni kukadiria, kabla msimu haujashika kasi, yupi kati ya hao wageni ataisaidia timu zaidi mwaka huuhuu, sio mwaka wa tano ujao. Imeisha, mwenye haraka anaweza kwenda.

Ambaye hana haraka tukae, maana kinachoniudhi kiko kwenye neno lenyewe.

Chipukizi linatoka kwenye kuchipuka, na sisi watu wa korosho hatuna haja ya kufunguliwa kamusi. Mi nimekulia Tandahimba, mkorosho ukizeeka ukaacha kuzaa tunaukata, kinabaki kisiki, ukija mwezi unakuta kisiki kile kimetoa vitawi laini vyenye majani mekundumekundu yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Hayo ndo machipukizi. Ukiyashika vibaya yanakatika, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ukiingia shambani unakimbilia hapohapo penye ulaini na maua, ndo maana watu wanahangaika na salfa. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wanafundisha kabisa kuchukua kikonyo cha mkorosho mzuri na kukibebesha kwenye hayo machipukizi ili kisiki cha babu kije kizae korosho za maana. Kwa hiyo ukisema chipukizi unasema ulaini, unasema kitu kinachohitaji muda na mtu wa kukilinda. Hata wale watoto wa chama wenye skafu shingoni wanaoimba viongozi wakija, wanaitwa chipukizi kwa sababu hiyohiyo, hakuna aliyewahi kuona chipukizi wa chama ana ndevu.

(Kinda nalo watu wanalichanganya humohumo. Kinda ni mtoto wa ndege, bado yuko kwenye kiota analishwa, kwa hiyo mi naona linamfaa yule wa timu ya vijana ambaye hata benchi la wakubwa hajalikalia. Na yosso ni neno la magazetini na vijiweni, mwachieni kila mtu alitumie anavyotaka, silo ninalogombana nalo leo.)

Sasa ruki. Wanaochimba asili ya maneno wengi wanaona limetokana na lile neno la Kiingereza la mtu aliyeandikishwa jeshini upya, askari wakalikatakata midomoni mpaka likabaki hivyo. Na sisi neno hilohilo tulishalichukua zamani, tukalivalisha Kiswahili, likawa kuruta! Yaani ruki na kuruta ni ndugu, mmoja kalelewa Marekani mwingine kalelewa kambini kwetu. Nilipomwambia mpwa wangu hivyo alidhani natania.

Na ukilitazama kuruta utaona linabeba maana yote tunayoitafuta. Nenda kambi ya JKT kule Nachingwea, pale getini kaingia mwenye digrii na kaingia aliyeishia la saba, mmoja mwembamba mwingine tayari ana misuli ya kubeba magunia, wote ni kuruta, wote wanaamshwa alfajiri, hakuna anayesema huyu ana mwili mkubwa kwa hiyo si kuruta. Ukuruta ni hesabu ya siku ulizokaa kambini. Halafu una tarehe ya kuisha, mafunzo yakifungwa umekwisha, hata kama kulenga shabaha bado kunakusumbua. Uchipukizi hauna tarehe hiyo, unapungua polepole kama usingizi wa mchana, hujui lini umeamka.

Mfano ambao kila Mtanzania anao ni Samatta. Januari 2020 anakwenda Aston Villa ana miaka 27, kashatoka Simba, kashatwaa Afrika na TP Mazembe, kashafunga mabao ya kutosha Genk, halafu mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza dhidi ya Bournemouth anafunga. Pale alikuwa kuruta wa ligi ile kwa asilimia zote. Lakini chipukizi? Ungemwita chipukizi mbele ya watu wa kwao Mbagala wangekuuliza umelala wapi.

Wenyewe Wamarekani wana kisa kizuri zaidi. Brandon Weeden alianza kwenye besiboli, mambo hayakwenda, akarudi chuo akacheza mpira huu, na mwaka 2012 Cleveland Browns wakamchagua raundi ya kwanza akiwa na miaka 28. Ruki wa miaka 28! Na hakuna aliyeshangaa jina hilo, walishangaa umri tu. Wachezaji wa vyuo kule wanagawanywa kwenye kitu kinaitwa drafti, sio drafti letu la vizibo vya soda barazani, hili ni zoezi la raundi saba ambapo timu 32 zinachagua kwa zamu na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndo inaanza, labda iwe imeiuza zamu yake.

Sasa utasema mjomba haya ni maneno tu, kwani kuna hasara gani mtu akiita anavyojua. Hasara ipo, na ipo hukohuko kwenye karatasi ya mpwa wangu. Ukimwita mtu chipukizi, kichwa kinaanza kuuliza maswali ya chipukizi, ana kipaji kiasi gani, ana mbio gani, atafika wapi. Hayo ni maswali mazuri kwa mwenye shamba anayepanga miaka kumi. Lakini swali walilojiwekea wao ni la kuruta, nani ataifaa timu mwaka huu, na hilo halianzi na mchezaji kabisa, linaanza na timu. Kuna pengo? Nani yuko mbele yake? Kocha ana haraka au anasubiri? Atapata dakika?

Angalia yule wake wa kwanza, kampa nyota tano kwa sababu ya mbio. Nikamkumbusha John Ross. Mwaka 2017 kwenye majaribio kabla ya drafti alikimbia yadi 40, kama mita 36 na nusu hivi, kwa sekunde 4.22, rekodi kwa wakati ule, Cincinnati Bengals wakamchukua wa tisa kati ya wote. Kazi yake ni kudaka mpira. Msimu wake wa kwanza mzima hakudaka hata mmoja. Majeraha yakamwandama, na hapohapo wenzake wameshashika namba, mbio zake zikakaa kwenye benchi pamoja naye.

Mwaka huohuo Kansas City Chiefs walimchukua Patrick Mahomes, mrusha pasi, wa kumi, yaani anayefuata baada ya huyo Ross. Ukiniuliza chipukizi nani, ni huyu, alikuwa na kila kitu. Ila mbele yake alikuwepo Alex Smith, mtu mzima aliyejua kazi, kwa hiyo Mahomes msimu wa kwanza kaanza mechi moja tu, ya mwisho. Mwaka uliofuata pasi zake zimezaa mabao 50 na akawa mchezaji bora wa ligi. Sasa aliyetabiri 2017 kwamba Mahomes atakuwa mkubwa alipatia, na aliyetabiri atakuwa ruki mwenye mchango mkubwa mwaka ule alikosea, na ni mchezaji yuleyule mmoja! Hapo ndo watu wanagombana vijiweni bure, kila mmoja anajibu swali lake.

Na kinyume chake ni Puka Nacua, 2023, raundi ya tano, mtu wa 177 kuchaguliwa. Watu wanaotazama kipaji walikuwa wameshazima tivii kufika namba hiyo. Lakini Los Angeles Rams msimu unaanza mdakaji wao mkubwa Cooper Kupp ni majeruhi, mechi nne za mwanzo hayupo, pengo limefunguka lenyewe, dogo kaingia na hakutoka. Alimaliza na madako 105 na yadi 1,486 alizopata kwa kudaka, rekodi za maruki kwenye ligi nzima kwa wakati ule. Uwezo alikuwa nao, sikatai, bila uwezo pengo linakuumbua tu. Ila uwezo ule angeweza kuwa nao kwenye timu iliyojaa na tusingemsikia mpaka leo.

Hapa kwetu ni vilevile. Fiston Mayele alivyokuja Yanga 2021 alikuwa mtu mzima wa miaka 27, mgeni tu wa ligi, timu inamlilia mshambuliaji, kapewa namba tisa na dakika zote, kafunga mabao 16 msimu wa kwanza, bao moja nyuma ya George Mpole wa Geita Gold. Clement Mzize yeye kapandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga hiyohiyo msimu uliofuata, huyo ndo chipukizi wa kweli, na mbele yake alikuwepo nani? Mayele. Alisubiri, akaingia dakika za jioni, msimu wa 2024/25 ndo kafunga mabao 14. Klabu ile ile, nafasi ile ile uwanjani, mmoja kuruta asiye chipukizi na mwingine chipukizi wa kulindwa na salfa, ukiwaweka kapu moja huwezi kumtabiri hata mmoja.

Kuna wakati timu nzima inakuwa kuruta, hili watu wa kusini tunalijua. Ndanda yetu Wanakuchele ilivyopanda msimu wa 2014/15 tulijazana Nangwanda Sijaona kutazama ugeni. Namungo kule Ruangwa 2019/20 ilikuwa ndo kwanza inapanda, ikamaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, ikafungwa na Simba 2-1. Redio zilikuwa zinasema "chipukizi Namungo". Wauaji wa Kusini machipukizi wapi, kile kilikuwa kikosi chenye watu walioshacheza ligi hiyohiyo huko walikotoka, kuruta ilikuwa klabu tu.

Kwa hiyo ndugu mtangazaji, nakusikiliza kila Ijumaa na sauti yako naipenda, ila huyo wa 29 mwite mgeni, mwite sura mpya, mwite ingizo jipya, ukitaka kunifurahisha mwite kuruta. Chipukizi tuachie wale wa miaka 17 wanaotoka Umisseta na viatu vya kuazima.

Mpwa wangu karatasi aliichukua akaenda nayo. Jana karudi na nyingine, majina matatu kayabadilisha, yule wa mbio kashushwa mpaka wa nne, na pembeni ya kila jina kaandika nani kaumia au nani kauzwa kwenye timu ile. Juu kaandika MAKURUTA WATANO. Nikafurahi mpaka nikamwagizia chapati. Akiwa anakula akanionyesha na jina la sita kwenye simu, "na huyu mjomba ni kuruta wa msimu wa pili, naye simuachi."

Nikamwambia hapana mjomba wangu, huyo kashamaliza mafunzo, mwite kwa jina lake tu.