Kisima cha uchunguzi kwenye sheli: maana na kazi yake

Kisima cha uchunguzi ni kisima chembamba kinachochimbwa ndani ya uwanja wa sheli. Maji yake hayanywewi. Kazi yake ni kuonyesha kama mafuta yamevuja kutoka kwenye tangi la chini ya ardhi kabla hayajafika kisima cha jirani.

Malindi, pwani ya Kenya, kinahitajika hasa. Ardhi ni mchanga na mwamba wa tumbawe wenye nyufa, maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, na chuma kilichozikwa pwani huliwa na kutu upesi. Kiungio kinachodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 4 kwa siku. Kijiti cha kupimia hakiwezi kulionyesha pungufu hilo: katika tangi lenye petroli lita 10,000, badiliko la joto la nyuzi 1 peke yake huongeza au kupunguza karibu lita 10. Na lita moja ya petroli yenye asilimia 1 ya benzeni, kemikali yenye sumu, yatosha kuharibu zaidi ya lita 800,000 za maji, kwa kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha maikrogramu 10 kwa lita. Klorini haiiondoi benzeni, na kuchemsha hujaza mvuke wake jikoni.

Kwa kawaida hutumika bomba la PVC la inchi 2, lenye mianya myembamba sehemu ya chini. Mianya hiyo ianze juu ya usawa wa maji na ishuke chini yake. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Petroli huelea, kwa hiyo mianya ikizama yote, mafuta hubaki nje ya bomba na kipimo husema kuko salama. Karibu na bahari usawa huo hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa, tena masika huuinua zaidi, basi iachwe nafasi ya kutosha juu. Pembeni mwa mianya hujazwa mchanga safi, juu yake bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, kisha saruji na mfuniko wa kufuli. Bila muhuri huo, mafuta yanayomwagika uwanjani huteremka kando ya bomba, na kisima cha kulinda maji huwa ndicho kinachoyachafua.

Mfuniko upakwe rangi tofauti na ya midomo ya matangi. Kuna madereva wa malori waliowahi kushusha petroli ndani ya kisima cha uchunguzi!

Kisima kimoja hakitoshi. Vinatakiwa angalau vitatu, visivyo kwenye mstari mmoja, na usawa wa maji yake upimwe kwa wakati mmoja ili ijulikane maji yanaelekea wapi. Mara nyingi ni baharini, ila pampu kubwa ya hoteli yaweza kuyageuza.

Mafuta yanayoelea hupimwa kwa tepu iliyopakwa dawa inayobadilika rangi. Kwa benzeni iliyoyeyuka, toa kwanza maji ya kisima mara tatu ya ujazo wake, kisha jaza chupa ya kioo ya mililita 40 pasibaki hata kiputo, maana benzeni hutorokea kwenye hewa. Iwekwe kwenye barafu hadi maabara.

Mafuta yakionekana, tangi linaloshukiwa lifungwe na yaliyomo yahamishiwe siku hiyohiyo kwenye lori la mafuta, majirani waambiwe waache kuchota, na taarifa zipelekwe NEMA, mamlaka ya mazingira, na EPRA, mamlaka ya kawi na petroli. Kungoja harufu ifike kisimani kwao ni kuchelewa.