Buzzz, Roc3 au Mako3? Tazama inavyomaliza safari

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kati ya Buzzz na Roc3, diski mbili za mchezo wa gofu ya diski, ipi inakwenda mbali? Jibu langu huwavunja watu moyo. Zote zitatua karibu pale pale, zikipishana hatua tatu nne, na kesho ile iliyotangulia leo inaweza kubaki nyuma. Anayetafuta umbali anunue diski za mbali, zile zenye ukingo mpana na makali. Diski ya masafa ya kati unaitoa begini kwa sababu kikapu kiko mita 70 hivi, katikati kuna misonobari, na unataka kujua bila kubahatisha itafanya nini kwenye mita 20 za mwisho.

Kwa aliyefika hapa bila kuujua mchezo: gofu ya diski inafuata kanuni za gofu ya kawaida, ila badala ya mpira na fimbo unarusha frizbi (kisahani cha plastiki) ndogo, nzito, kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo. Ulikulia California. Ed Headrick aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu pale Oak Grove Park mwaka 1975, na mwaka uliofuata akaanzisha PDGA, chama ambacho hadi leo ndicho kinachoidhinisha diski kabla haijaruhusiwa mashindanoni. Mimi nauchezea Minnesota, ambako Wakenya tumejaa na viwanja vingi viko ndani ya bustani za umma. Kiangazi huwa nafundisha wanaoanza, ndiyo maana maswali haya hayaniishii.

Tuanze na namba nne zilizopigwa chapa juu ya diski, maana ndizo zinazowachanganya watu. Mfumo huu ulienezwa na kiwanda cha diski cha Innova na sasa unatumiwa na karibu kila mtengenezaji. Ya kwanza ni kasi inayohitajika ili diski iruke ilivyokusudiwa. Ya pili ni kuelea, yaani inakaa hewani kwa kiasi gani. Ya tatu inaeleza inavyopinda mapema, ikiwa bado na mwendo. Hasi ina maana itapinda kulia. Ya nne ni mkunjo wa mwisho, inapochoka na kuangukia kushoto. Hapa nazungumzia mtu wa mkono wa kulia anayerusha bekihendi, yaani mkono ukianzia upande wa pili wa mwili. Wa mkono wa kushoto, na anayerusha fohendi (mkono ukibaki upande wake) kwa mkono wa kulia, wageuze kulia na kushoto katika makala yote.

Sasa weka diski tano mezani. Buzzz ya Discraft: 5, 4, -1, 1. Roc3 ya Innova: 5, 4, 0, 3. Mako3, ya Innova pia: 5, 5, 0, 0. Hex ya Axiom: 5, 5, -1, 1. Justice ya Dynamic Discs: 5, 1, 0.5, 4. Kasi ni ile ile kwa zote. Tofauti iko kwenye namba tatu zinazofuata, na ya nne ndiyo ninayoisoma kwanza.

Lakini usiziamini kupita kiasi. Kila kiwanda hujipimia chenyewe. PDGA hukagua vipimo, uzito na ugumu wa diski. Haijali inapinda wapi.  Kwa hiyo "1" ya Discraft na "1" ya Axiom ni binamu, si pacha.

Kwa nini diski ipinde kulia kisha kushoto? Hapa naomba subira kidogo, kwa sababu ukilielewa hili hutahitaji muuzaji akushauri. Diski inayoruka ni bawa linalozunguka. Hewa inaibeba, lakini haiibebi katikati kabisa. Mwanzoni, ikiwa na mwendo mkali na imelala bapa, nguvu ya kuinua huangukia nyuma kidogo ya kitovu, kwa hiyo hewa inataka kuinamisha pua. Diski isiyozunguka ingeinama kweli. Inayozunguka hufanya kama pia, kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa, iliyosukumwa ubavuni: mwitikio hauji pale iliposukumwa, unakuja robo mzunguko mbele. Badala ya pua kuinama, upande wa kulia ndio unaoshuka, na diski inaelekea kulia. Mwendo ukipungua, diski inaanza kuzama, hewa inaipiga zaidi kutoka chini, nguvu ya kuinua inahamia mbele ya kitovu, pua inataka kuinuka, na kwa kanuni ile ile upande wa kushoto unashuka. Huo ndio mkunjo wa mwisho.

Kazi ya mbunifu ni kuamua mabadiliko hayo yatokee lini na kwa ukali gani, na anaiamua kwenye ukingo. Chukua diski yoyote, pitisha kucha ya kidole gumba kwenye ukingo kutoka juu kwenda chini. Utahisi mstari mwembamba pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Mstari ukikaa juu, diski huwa kaidi, inakataa kwenda kulia na ina haraka ya kukunja kushoto. Ukikaa chini, diski huwa legevu, inakubali kwenda kulia. Kisha geuza uangalie chini ya ukingo: baadhi zina ushanga, kijivimbe kinachozunguka diski nzima. Discraft wana mfano mzuri wa hili. Wasp na Buzzz zinafanana sana, ila Wasp ina ushanga na Buzzz haina. Kijivimbe hicho kinatosha kuifanya Wasp ishike mstari dhidi ya upepo wakati Buzzz imeshaanza kuyumba.

Mgongo nao una neno. Plastiki ikipoa kiwandani hainywei sawasawa kila mara, kwa hiyo Buzzz mbili za rafu moja zinaweza kutofautiana: moja bapa kama sinia, nyingine imebinuka. Iliyobinuka kwa kawaida huelea zaidi. Ukinunua dukani, ziweke mezani, chuchumaa hadi macho yawe sawa nazo, utaona. Ukiagiza mtandaoni umekubali bahati nasibu.

Basi zinarukaje?

Buzzz imekuwepo tangu 2003 na haijapata wa kuing'oa kwenye mabegi ya watu, kwa sababu moja tu: inatii pembe. Ukiiachia bapa inakwenda moja kwa moja na kuangukia kushoto kidogo sana. Ukiiachia imelala haiza, upande wa nje ukiwa chini, itaendelea na haiza. Ukiilaza anhaiza, upande wa pili, itaushikilia mkunjo huo karibu hadi chini. Kwenye njia nyembamba kati ya miti hiyo ni mali. Upande wake mbaya ni kwamba inatii hata makosa. Kiganja kikigeuka kidogo wakati wa kuachia, Buzzz haitakusahihisha.

Roc3 itakusahihisha. Irushe na kiganja kilichogeuka, itaenda kulia kidogo, itasita, kisha itarudi. Ule mkunjo wa 3 mwishoni si mkali kama wa diski za mbali. Ni msukumo thabiti unaoweza kuutegemea kuzunguka mti wa mwisho kabla ya kikapu. Ukiwa na nguvu nyingi mkononi, utaipenda Roc3 kuliko Buzzz. Ukiwa huna, itakuangukia kushoto mapema, na utalaumu mkono wako bure.

Mako3 ndiyo iliyonyooka kuliko zote hapa, na ndiyo ninayompa mtu anayeanza. Zile sifuri mbili za mwisho zinaonekana kama majigambo ya kiwanda, lakini siku isiyo na upepo ni za kweli: inakwenda, inaelea, inapungua, inashuka pale ilipoelekea. Upepo wa mbele ukiwepo, iache begini. Upepo wa mbele huifanya diski "idhani" ina mwendo zaidi ya uliopo, kwa hiyo kila diski inakuwa legevu zaidi dhidi yake, na Mako3 haina akiba ya ukaidi ya kupoteza.

Hex ina ukingo uliotengenezwa kwa plastiki mbili tofauti, na uzito mwingi umepelekwa pembeni. Nia ni kufanya mzunguko udumu. Kwa macho yangu inaruka kama Buzzz iliyoongezewa pumzi: njia inakaribia kuwa ile ile, ila inachelewa kutua. Wengine huona tofauti kubwa kati ya hizi mbili. Mimi nadhani ukificha rangi na maandishi, wengi wetu tungebabaika kuzitenganisha. Tofauti wanayoihisi iko kwenye vidole, kwa kuwa ukingo wa Hex unashikika kivingine.

Justice ni kitu kingine kabisa, na nimeiweka hapa makusudi. Kuelea kwake ni 1. Hairuki, inatupwa. Ukiirusha kwa nguvu zako zote dhidi ya upepo wa kuangusha kofia, itakwenda ulikoielekeza kisha itajikunja kushoto kama imeitwa. Pale unapotaka kupita nyuma ya kichaka na kuingia kwenye kikapu kutoka pembeni, hakuna mbadala kati ya hizo nne. Lakini usiifanye diski yako ya kwanza. Nimewaona watu wakinunuliwa Justice kama zawadi na kuacha mchezo kwa mwezi mzima.

Sasa jambo ambalo maduka hayalisemi sana: umri wa diski unaweza kuzidi jina lake. Plastiki za bei nafuu, kama DX ya Innova, ni laini na hushikika vizuri, lakini kila zinapogonga shina la mti ukingo unachubuka na kupondeka, na diski inazidi kuwa legevu. Plastiki za bei ya juu, kama Star na Champion za Innova au Z na ESP za Discraft, zinachukua muda mrefu zaidi kufika huko. Mtu anaweza kuona hilo kama hasara ya DX. Wazee wa Roc waliligeuza kuwa faida. Roc ya asili ilitoka mwaka 1987, na Ken Climo, bingwa wa dunia mara 12, aliibeba kiasi kwamba Innova walitoa toleo lenye herufi za jina lake. Wachezaji wa enzi zile walibeba Roc kadhaa begi moja: mpya kwa upepo na mkunjo, ya umri wa kati kwa njia iliyonyooka, na kongwe iliyochakaa kwa mikunjo mirefu ya kulia. Mkono unashika umbo moja tu, diski zenyewe ndizo zinazobadilika. Bado nadhani hakuna shule nzuri kuliko hiyo, na ni nafuu kuliko kununua aina tano.

Hali ya hewa nayo inapindua namba. Huku kwetu Januari plastiki inakakamaa, vidole vimekufa ganzi, na hewa baridi ni nzito, kwa hiyo diski haifiki. Tunabandika utepe mrefu chini ya diski ili ikizama kwenye theluji ionekane ilipo. Mwinuko unaifanyia hewa kinyume cha baridi: unaipunguzia uzito. Msomaji wa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ana hewa nyembamba kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa. Diski inabebwa kidogo na inawahi kukunja kushoto. Roc3 atakayoirusha huko itaonekana kaidi kuliko maelezo yangu, na Mako3 inaweza kumfaa zaidi hata akiwa na mkono wenye nguvu. Aliye Pwani, jioni upepo wa bahari ukivuma usoni, afikirie kinyume chake.

Ukitaka kuzilinganisha mwenyewe, usizirushe kwa nguvu zote. Kwa nguvu zote unapima mkono wako. Simama mita 50 kutoka kwenye kikapu, siku tulivu, rusha kila diski kwa robo tatu ya nguvu, bapa, kwenye kimo cha bega, na umwambie mwenzako asimame nyuma yako atazame ni wapi inaanza kukunja kushoto. Usihesabu ilipotua, kwa maana nyasi na mteremko vinadanganya. Diski ikigusa ardhi kwa ukingo huteleza mita kadhaa. Kisha rudia ukiwa umeilaza anhaiza. Hapo Roc3 inarudi, Mako3 na Hex hazirudi, na Buzzz inategemea umeichubua kiasi gani.

Mwenye pesa ya diski mbili achukue Mako3 ya plastiki nzuri na Roc ya DX. Hiyo ya DX aipige kwenye miti bila huruma.