Kabla hujalipia kondo, pita kwanza ofisi ya jengo

Kila nikipewa nafasi ya kuongea na watu wanaotafuta kondo ya kupanga, yaani nyumba ndani ya jengo la ghorofa yenye mmiliki wake mwenyewe, huwa narudia kitu kimoja mpaka wananichoka, mwenye ufunguo sio lazima awe mwenye nyumba. Ufunguo unachongwa, unaazimwa kwa mtu wa usafi, na siku hizi unakodishwa kihalali kabisa kwa siku mbili kwenye intaneti, na hapo ndipo watu wengi wanapolizwa.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Tapeli anachukua kondo ya kulala wageni, analipa siku mbili tatu kama mteja mwingine yeyote, anapewa kadi ya geti na namba za kufungulia mlango. Halafu anapiga picha, anatoa tangazo kwamba hiyo kondo inapangishwa kwa mwaka mzima na bei iko chini kidogo ya zile za jirani, sio chini sana maana bei ya bure inashtua watu. Wateja wanakuja mmoja mmoja, yeye anawapokea kwa soksi kama mtu aliyeko kwake, anawafungulia friji, anawaonyesha jinsi maji ya moto yanavyotoka, anawaambia dada yake alikuwa anakaa hapa kahama juzi. Kila mmoja analipa dipoziti na kodi ya mwanzo, anapewa mkataba uliopigwa muhuri, anaambiwa ahamie Jumamosi. Jumamosi ikifika unamkuta mtu yuko mapokezi na mabegi na godoro limeegeshwa ukutani, na gadi anamwambia dada pole, wewe ni wa nne leo.

Huyo dada hakuwa mzembe jamani. Alienda kuona nyumba kwa macho yake, akaingia ndani, akasaini. Yale mambo tunayoambiwa kila siku tufanye aliyafanya, ila aliruka moja tu la kumuuliza mtu ambaye hana faida na hiyo biashara.

Na kwenye kondo huyo mtu yupo, tofauti na nyumba ya peke yake huko mtaani. Kondo kila yuniti ina mwenyewe, korido moja yenye milango kumi inaweza kuwa na wamiliki kumi tofauti, lakini lifti, maegesho, bwawa, taka na ulinzi ni vya wote na vinaendeshwa na chama cha wamiliki au kampuni waliyoiajiri. Hao wanakusanya ile hela ya huduma kila mwezi kwahiyo lazima wajue yuniti ipi ni ya nani. Tapeli anafaidika na majirani kutojuana ila hilo daftari hawezi kuliongopea.

Sasa ukienda ofisini kwao usitegemee watakutajia jina la mmiliki, wengi watakataa na wana haki maana ni taarifa za mtu. Geuza swali. Mwambie anayekupangishia muende wote mpaka kwenye meza ya hiyo ofisi, au yeye mwenyewe awapigie awaambie fulani anataka kupanga kwangu, halafu wewe uulize ofisini kama wameipata hiyo taarifa kutoka kwa mtu wanayemtambua. Namba ya ofisi usiichukue kwa dalali, nenda kwa miguu yako kwa sababu hata "meneja wa jengo" wa kwenye simu anaweza kuwa ni mwenzake kakaa gari la pembeni. Mmiliki wa kweli atalalamika kidogo kwamba unamchosha ila atakuja. Yule mwingine ataanza ooh ofisi wana roho mbaya, ooh wakijua nimepangisha watanipandishia ada. Ukisikia hivyo ondoka.

Ukiwa hapo hapo uliza na haya, jengo linaruhusu kupangisha au lina masharti ya muda, mpangaji anatakiwa kuandikishwa kwa fomu gani, na kama yuniti haina deni. Hilo la deni watu hulidharau, kuna majengo mwenye yuniti akiwa hajalipa ada kadi ya maegesho na bwawa zinafungwa, na utakayehangaika ni wewe uliyelipa kodi yako vizuri. Na pale ambapo ofisi ya ardhi inaruhusu mtu kupekua umiliki, lipia upekuzi, hata kama utachukua siku kadhaa.

Yule mmiliki anayedai yuko nje ya nchi sio lazima awe mwongo, kweli wapo wengi wana kondo na wanaishi mbali. Ila kama yuko mbali basi awe na mwakilishi mwenye barua ya uwakilishi, na hela iingie kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye hati, sio ya shemeji sijui ya kampuni ya mkewe. Akikwambia utume hela kwanza funguo zitakuja kwa kifurushi, au ulipe kwa kadi za zawadi au kwa sarafu za mtandaoni, hapo hakuna nyumba.

Picha nazo zikague kwa akili. Zitafute kwenye Google kwa picha yenyewe uone kama hazijatoka kwenye tangazo la kuuza la zamani. Halafu angalia dirishani, tangazo linasema ghorofa ya 14 na wewe unaona majani ya mti yamegusa kioo, mti gani huo! Video ya moja kwa moja inasaidia, mwambie atembee kuanzia lifti mpaka ndani bila kukata, ila kumbuka inathibitisha tu kwamba anaweza kuingia humo ndani.

Kitu kingine kidogo, akikutumia meseji kwamba anataka kuhakikisha wewe ni mtu halisi hivyo umsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, usisome. Anafungua akaunti kwa namba yako. Na nakala ya kitambulisho usiitoe kabla hujajua unampa nani, ukiitoa andika juu yake tarehe na kwamba ni ya kupangia yuniti namba fulani tu.

Kama umeshapigwa usikae kuona aibu, piga simu benki au kwa mtandao wa simu saa hiyo hiyo maana hela ikiwa bado haijatolewa kuna nafasi ndogo ya kuizuia, kesho haipo. Chati usizifute hata kama zinakuuma, zipige picha zote na tangazo lenyewe kabla hajalishusha, peleka polisi, kawaambie na ofisi ya jengo ili wanaofuata wasiingie. Halafu baada ya siku chache kuna mtu atakutafuta, anaongea kwa upole, anajua mpaka kiasi ulichotapeliwa, anasema hela yako imepatikana ila kuna ada kidogo ya kuifungulia. Usimlipe, mara nyingine ni yule yule kabadilisha laini.