Kupambana na wizi wa kazi za sanaa mtandaoni: kabla ya kufunga, nani kasikilizwa?

Mzee mmoja kutoka Mvumi aliingia ofisini kwetu hapa Dodoma akiwa na simu iliyopasuka kioo, na zeze lake ndani ya mfuko wa sandarusi. Zeze halikuwa la kupigwa siku hiyo. Alilileta kama ushahidi. "Mbukwenyi," akasalimia, akaketi, akanikabidhi simu. Mjukuu wake alimrekodi akiimba wimbo aliorithi kwa baba yake, akaupandisha kwenye mtandao mkubwa wa video. Watu wakautazama, wakausifia. Kisha ikaja taarifa kwa Kiingereza: video imezuiwa, ndani yake kuna muziki wa mtu mwingine.

"Mwanangu, mtu mwingine yupi? Mkono huo unaopiga ni wa nani?"

Mtu mwingine alikuwepo kweli. Kijana mmoja wa studio alichota sauti ya zeze hilohilo kutoka video ya zamani ya harusi, akaitia biti, akaisajili kwa wakala wa kusambaza muziki kuwa ni mali yake. Mashine ya mtandao ule ililinganisha sauti mbili, ikaona zinafanana, ikamwamini aliyetangulia kusajili. Mtego uliotegewa mwizi ukamnasa mwenye shamba.

Namtanguliza mzee huyu kwa sababu kila tunapofika mitaani kutoa elimu ya hakimiliki, watu wanagawanyika kabla hatujafungua kinywa. Vijana wanaojazia watu nyimbo kwenye memori kadi pale Sabasaba wanadhani tumekuja kuwakamatisha. Wasanii nao, tukisema sheria fulani imepitiliza, wanaona tunawatetea wezi. Wote tunawaelewa.

Maana wizi upo, na unauma. Kaa nusu saa kwenye kibanda chochote chenye kompyuta ya mapajani na spika: mteja anatoa buku, anataja "weka za singeli, weka na kwaya", anaondoka na mamia ya nyimbo. Waliozitunga hawaoni hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inakataza hilo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, ikaongeza makali: faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili, kwa anayekiuka haki hizo mtandaoni kibiashara. Asiyefanya biashara anaanzia milioni 5 au miaka 3. Kwa hiyo anayesema hatuna sheria hajazisoma. Mjadala uko kwingine: sheria inampiga nani, na inampiga lini.

Mfano mkubwa kabisa ulitoka Marekani. Oktoba 2011, mbunge Lamar Smith wa Texas aliwasilisha muswada uliojulikana kwa kifupi cha SOPA. Baraza la Seneti tayari lilikuwa na wa kwake, PIPA. Lengo lilitajwa kuwa tovuti za nje ya Marekani zinazogawa filamu na muziki wa wizi, na kampuni kubwa za filamu na muziki ziliunga mkono kwa nguvu. Tatizo lilikuwa kwenye njia. Kampuni za intaneti zingeamriwa ndani ya siku 5 kuwazuia wateja wasifike kwenye tovuti iliyotajwa, na mitambo ya utafutaji ingeficha viungo vyake. Kali zaidi, rasimu ya kwanza ilimruhusu mwenye hakimiliki kuandika barua tu, bila kupita kwa hakimu, na kampuni za malipo na matangazo zikatakiwa kuikatia tovuti hiyo fedha ndani ya siku 5 zilezile, isipokuwa mwenye tovuti awahi kujibu.

Hapo kwenye kuzuia panahitaji maelezo kidogo, kwani ndipo wahandisi walipopiga kelele kuliko hata wanasheria. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Ukiandika jina la tovuti, simu yako inauliza kwanza kwenye daftari la majina ili ipewe namba. Ni sawa na mgeni anayeshuka stendi ya Nanenane akamuuliza bodaboda, "Kwa fulani ni wapi?" Muswada ule ulitaka bodaboda wote waamriwe kujibu hawajui. Nyumba bado ipo, na mwenye kuijua njia anafika bila kuuliza. Anayepotea ni mgeni wa kawaida. Pili, miaka hiyohiyo wataalamu walikuwa wakihangaika kulitia daftari hilo muhuri, ili tapeli asiweze kukupa namba ya uongo ukajikuta kwenye benki feki. Muhuri huo unafanya kazi kwa kukataa jibu lolote lililochezewa. Sasa serikali iamuru majibu yachezewe na wakati huohuo ihimize muhuri? Baadhi ya watu waliolijenga daftari lenyewe waliandika kueleza kwamba mambo hayo mawili hayakai chungu kimoja.

Walioona hofu hiyo imetiwa chumvi walikuwa na kisa cha kujisomea. Novemba 2010, maofisa wa serikali ya Marekani walitwaa jina la Dajaz1, tovuti ya muziki wa hip hop, kwa madai ya kugawa nyimbo za wizi. Mwenye tovuti alieleza kwamba baadhi ya nyimbo hizo alitumiwa na watu wa kampuni za muziki zenyewe ili azitangaze. Tovuti ilikaa imefungwa zaidi ya mwaka. Desemba 2011 akarudishiwa jina lake, bila kesi wala shitaka. Wakati huo hakuna sheria mpya iliyokuwa imepita. Na Februari 2011, katika msako mwingine, jina moja lilipofungwa lilizoa tovuti ndogo zipatazo 84,000 zilizojishikiza chini yake, na wageni wa tovuti hizo wakakutana na tangazo linalowahusisha wenye tovuti na picha chafu za watoto. Fikiria ni tovuti ya ushirika wako wa zabibu.

Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilijifunga kwa saa 24 kupinga miswada hiyo. Google ikafunika nembo yake kwa kitambaa cheusi na kukusanya sahihi zaidi ya milioni 7. Siku mbili baadaye miswada yote miwili iliwekwa kando. Tusidanganyane, kampuni kama Google hazikuwa zikipigania uhuru peke yake. Gharama za kukagua na kufunga zingeangukia mifukoni mwao. Lakini kilichonifundisha zaidi ni siku iliyofuata mgomo ule. Tarehe 19 Januari serikali hiyohiyo ya Marekani iliifunga Megaupload, mtandao mkubwa wa kuhifadhi mafaili, na mwasisi wake akakamatwa New Zealand. Ilitumia sheria zilizokuwepo.

Julai mwaka huohuo Bunge la Ulaya likaukataa mkataba wa kimataifa wa ACTA, uliohusu bidhaa bandia pamoja na hakimiliki mtandaoni, kwa kura 478 dhidi ya 39.

Mkataba ulikufa, wazo halikufa. Italia, tangu Februari 2024, ina mfumo unaozitaka kampuni za intaneti kufunga anwani iliyoripotiwa ndani ya dakika 30, hasa kwa ajili ya mpira wa moja kwa moja. Nusu saa, kipindi cha kwanza hakijaisha. Oktoba 2024 mfumo huo ukafunga kwa makosa anwani ya Google Drive, na watu wasio na habari na mpira wowote wakashindwa kupakua mafaili yao. Nasi hapa, siku ya Simba na Yanga, tunajua linki zinavyotembea kwenye magrupu. Haitashangaza siku moja mtu akisimama na kusema tuige Italia.

Kwetu hali ina mazuri na ya kuangalia. Sheria ya Makosa ya Mtandao, kifungu cha 39, haimlazimishi mtoa huduma kuchunguza kila kinachopita kwake. Hilo ni jema na lisiguswe. Kwa upande mwingine, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zilipunguza muda wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa kutoka saa 12 hadi saa 2 tangu kuarifiwa, na ukiukaji wa hakimiliki umo kwenye orodha ya makatazo. Kwa picha ya mtoto anayedhalilishwa, saa 2 ni nyingi mno. Kwa ubishi wa nani katunga wimbo, ni chache kiasi kwamba mwenye ukurasa atafuta kwanza, maswali baadaye. Mvumi umeme ukikatika alasiri, saa hizo zimekwisha.

Sheria ya 1999 yenyewe inaruhusu kunukuu, kufundishia na kuripoti habari. Inalinda hata sanaa za jadi. Mwalimu wa Kondoa anayeonyesha darasani kipande cha wimbo si mwizi. Mashine haijui darasa ni nini, na ofisa mwenye dakika 30 hana nafasi ya kuuliza.

Ukiletewa taarifa kwamba kazi yako imeondolewa, usiifute kwa hasira. Isome, ipige picha, tunza faili la mwanzo lenye tarehe. Hakimiliki inazaliwa na kazi yenyewe, lakini cheti cha COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki, kinarahisisha ubishi. Kwa mitandao inayofuata sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998, pingamizi rasmi halilipiwi: mlalamikaji asipofungua kesi, kazi inatakiwa kurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Ujue tu kwamba unaweka jina na anwani yako halisi, na unakubali kushitakiwa ukidanganya. Na kwa kuwa Bunge liko hapahapa kwetu, kamati zinapoita wadau kutoa maoni juu ya muswada, nauli ni ya daladala. Ukifika, tafuta kwanza kifungu kinachosema nani anaamua kufunga na mwenye kazi anasikilizwa lini. Mara nyingi hakipo.

Pingamizi la mzee tuliliandika pamoja, yeye akisimulia kwa Kigogo na Kiswahili, mjukuu akichapa. Lake lilikuwa la hatua ya kwanza, ya mtandao wenyewe, kabla ya lile rasmi la kisheria, na hapo anayejibu pingamizi ni yuleyule aliyedai. Kijana wa studio alipewa siku 30 na akakaa kimya hadi zikaisha. Video ikarudi. Kufikia hapo harusi alizotarajia kualikwa zilikuwa zimepita, na mzee alikuwa ameshamkataza mjukuu kumrekodi tena.