Kuwa mbali na kitovu cha tetemeko si kinga

Wengi huamini kwamba ukiwa mbali na kitovu cha tetemeko la ardhi, uko salama. Kwa kawaida ni kweli: mawimbi hufifia kadiri yanavyosafiri, kwa sababu nishati yake husambaa na nyingine humezwa na miamba. Ila hesabu hiyo imesahau udongo.

Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilipiga pwani ya Pasifiki ya Meksiko. Mexico City, zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo, ilipoteza maelfu ya watu, ilhali miji kadhaa iliyokuwa karibu zaidi ilipata madhara madogo. Kwa nini? Sehemu kubwa ya jiji imekalia tope laini la ziwa la kale, Texcoco. Tope hilo liliukuza mtikisiko, likawa linayumba kwa mizunguko ya sekunde mbili hivi, kama uji kwenye bakuli lililosukumwa. Majengo ya takriban ghorofa 6 hadi 15 huyumba kwa mwendo unaokaribiana na huo, ndiyo maana yaliumia zaidi. Nyumba nyingi fupi, hata kuukuu, zilisalimika. Mitaa ya jiji hilohilo iliyo juu ya mwamba ilitikisika kwa kiasi kidogo sana.