Mchambuzi wako analipwa na nani?

Mwaka 1976, Wamarekani 72 kati ya kila 100 waliiambia Gallup, shirika la kura za maoni, kwamba wana imani na vyombo vyao vya habari. Mwaka 2025 walikuwa wamebaki 28. Kiu ya siasa haikuisha. Wengi wamehamia kwenye podikasti, vipindi vya mazungumzo vya mtandaoni, ambako mtu huongea saa mbili, tatu, akacheka, akataja watoto wake, mwisho ukamhesabu ndugu. Oktoba 2024 Donald Trump aliketi na Joe Rogan, mtangazaji maarufu wa podikasti, kwa muda wa karibu saa tatu.

Kazi yangu ni kufundisha watu kupima habari, na siwalaumu waliochoka. Mchambuzi anayetoka ofisi ya waziri, akaingia kampuni ya ushauri, jioni akakalia kiti cha runinga, ana deni la kutueleza anakula wapi. Wengi hawalipi deni hilo. Ninachohofia ni kwamba tunaihamisha imani ileile, bila kuikagua, kutoka kwa mwenye tai kwenda kwa mwenye fulana.

Septemba 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwashtaki wafanyakazi wawili wa RT, shirika la habari la serikali ya Urusi. Hati ya mashtaka inadai kwamba karibu dola milioni 10 zilipenyezwa kwenye kampuni moja ya Tennessee, nayo ikawalipa wachambuzi maarufu wa mtandaoni. Mmoja alipangiwa dola 400,000 kwa mwezi kwa video nne kila wiki. Mfadhili alitajwa kuwa tajiri wa Ulaya. Tajiri huyo hakuwapo duniani. Wachambuzi wenyewe hawakushtakiwa, na walisema wamedanganywa. Hata tukiwaamini, swali linabaki: ikiwa mwenye kipindi hamjui anayemlipa, msikilizaji atamjulia wapi?

Nchini Uingereza, Alastair Campbell na Rory Stewart wanaendesha podikasti tangu 2022. Campbell alikuwa msemaji wa Tony Blair, waziri mkuu aliyeiingiza Uingereza kwenye vita vya Iraq, hivyo akivigusa vita hivyo unajua alisimama upande gani. Stewart, waziri wa zamani wa chama cha Conservative, alitabiri ushindi wa Kamala Harris dhidi ya Trump mwaka 2024, akakosea, akakiri hadharani. Huhitaji kukubaliana nao. Unajua tu namna ya kuwapima.

Wiki hii mchukue mchambuzi unayemwamini kuliko wote, umtafutie mambo mawili: fedha zake zinatoka wapi, na mara ya mwisho alipokosea alisema nini.