Je, wajua? Kimbunga kiko Msumbiji, mbona mahindi yanakauka Bugiri?

Machi 2019 mjomba wangu wa Bugiri, mashariki mwa Uganda, alipanda mahindi wiki ya pili ya mwezi, kama afanyavyo kila mwaka mvua za ttoggo, yaani masika, zinapokaribia. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Kila akifukua shimo kwa ncha ya jembe anaikuta mbegu vilevile alivyoifukia, hata ile rangi ya dawa haijachujuka. Jioni akiwasha redio anaambiwa mji wa Beira, Msumbiji, umemezwa na maji baada ya kimbunga Idai. Akanipigia simu. "Mpwa wangu, hivi mvua yetu ndiyo waliyopewa wale?"

Nilicheka, kumbe mzee hakuwa mbali na ukweli.

Kimbunga chenyewe hakifiki Uganda. Chakula chake ni maji ya bahari yenye joto, na kikipanda nchi kavu huanza kufa njaa. Tena ili hewa ianze kuzunguka, hutegemea mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo karibu na Ikweta ni hafifu mno. Ndiyo maana vimbunga karibu vyote huzaliwa zaidi ya digrii 5 kaskazini au kusini ya mstari huo. (Wale vijana wa Kayabwe, barabara ya Masaka, wanaowaonyesha watalii maji ya beseni yakizunguka kulia upande huu na kushoto upande ule, wanajitafutia riziki tu. Beseni ni dogo mno kuisikia nguvu hiyo. Inahitaji kitu chenye upana wa mamia ya kilomita.)

Lakini kimbunga hakihitaji kufika ili kikuguse. Fikiria sigiri iliyoshika moto vizuri: hewa ya moto inapanda juu, na ile ya chini inavutwa kupitia kimlango chake. Kimbunga ni sigiri ya namna hiyo, ila hii inavuta hewa ya nusu ya bara, pamoja na unyevu wake. Mwezi wa Machi jua la utosi linavuka Ikweta kuelekea kaskazini, na ukanda wa mvua unalifuata nyuma kama ng'ombe anayeongozwa malishoni. Idai ilizaliwa mapema Machi karibu na pwani ya Msumbiji, ikaingia bara, ikarudi baharini kupata nguvu, kisha usiku wa tarehe 14 ikaipiga Beira. Muda wote huo ilikuwa inauvuta unyevu kuelekea kusini. Msumbiji, Zimbabwe na Malawi zikapoteza watu zaidi ya 1,000, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikakaa inasubiri mvua iliyochelewa. Mjomba alirudia kupanda Aprili, kwa mbegu ya kukopa.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wakisikia jina la kimbunga wanauliza kina nguvu kiasi gani, na kwa sisi wa huku swali la kwanza ni kimesimama wapi. Kikiwa upande wa magharibi wa Madagaska, kwenye mlango wa Msumbiji, aghalabu hutunyang'anya mvua. Kikiwa mashariki ya kisiwa hicho, mambo yanaweza kugeuka kabisa: upepo hugeuka ukavuma kutoka magharibi, ukaokota unyevu wa misitu ya Congo na kuupitisha juu yetu ukielekea bahari ya Hindi. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita pande hizo, na msimu ule ukawa miongoni mwa misimu ya mvua kubwa mno Afrika Mashariki. Mabaharia wa pwani walizoea kuupanga mwaka wao kwa kaskazi na kusi. Sisi wa bara tunao upepo wa tatu, huu wa Congo, na hata jina zuri hatujaupa.

Tusikitwike kimbunga kila msiba, hata hivyo. Maporomoko ya Bududa ya tarehe 1 Machi 2010, yaliyokifukia kijiji cha Nametsi, na yale ya Bulambuli ya tarehe 27 Novemba 2024, yana mizizi yake pale pale Elgon: mteremko mkali, udongo wa volkano unaofyonza maji mpaka ukawa mzito kama unga wa ugali uliozidiwa maji, miti iliyokatwa, na watu wasio na ardhi kwingine. Mvua ya siku kadhaa mfululizo inatosha.

Kisa kinachonishangaza kuliko vyote hakina mvua ya Uganda ndani yake. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga Salalah, Oman, kikamwaga maji katika jangwa la Rub' al Khali, mahali ambapo kwa kawaida kuna mchanga tu. Madimbwi yakawa maziwa madogo, majani yakaota. Oktoba mwaka huohuo kikaja kingine, Luban, kikaongeza unyevu kabla ya ule wa kwanza kukauka. Nzige wa jangwani hutaga kwenye mchanga wenye unyevu, na pale hapakuwa na mtu wa kuwaona wala wa kuwapiga dawa. Wakazaliana vizazi vitatu katika miezi 9. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba idadi yao iliongezeka mara 8,000. Wakahamia Yemen, wakavuka hadi Somalia. Desemba 2019 kimbunga Pawan kikawanyeshea huko na kuwapa malisho mapya. Tarehe 9 Februari 2020 wakaingia Amudat, Karamoja, wakitokea Kenya.

Kundi la nzige lenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba hula kwa siku chakula cha watu 35,000. Na Karamoja hata bila nzige ni mahali ambapo mama anapima mtama kwa kikombe akihesabu siku zilizobaki hadi mavuno. Serikali ikapeleka wanajeshi wakiwa na mabomba ya dawa mgongoni. Kazi ilifanyika alfajiri, nzige wakiwa wamejaa mitini, wameganda kwa baridi. Jua likishawapasha, wanaruka.

Bahari iliyoizaa Pawan ilikuwa na joto lisilo la kawaida upande wetu, huku upande wa Indonesia ukipoa. Hali kama hiyo ilitokea pia mwaka 1961. Miaka hiyo yote miwili mvua za vuli zilishuka kama ndoo iliyopasuka kitako, na Ziwa Victoria likavimba. Karibu asilimia 80 ya maji ya ziwa hili ni mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Jinja. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, kwa hiyo kila sentimita linayopanda ni lita bilioni 688 hivi. Mei 1964 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.41, na rekodi hiyo ikakaa miaka 56. Mei 2020 kikasoma 13.42.

Kabla ya hapo, tarehe 14 Aprili 2020, kisiwa cha mafunjo na magugu kilichong'olewa na maji kilielea hadi bwawa la Nalubaale, kikaziba mitambo, na nchi nzima ikalala giza. Pale mwalo wa Masese, mama ninayenunua kwake mukene (dagaa) alinionyesha baadaye alama ya tope kwenye mlango wa stoo yake. Ilikuwa juu ya kufuli. Alisema maji hayakuja kwa kishindo; yalikuja kidogo kidogo, kila asubuhi tofali moja zaidi likiwa limelowa, mpaka chanja za kuanikia zikawa ndani ya ziwa.

Maji hayo yakafunguliwa kwa wingi Jinja, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine. Yakapita Kyoga, yakapita Ziwa Albert, yakavuka mpaka Nimule, na baada ya miezi yakatandaa kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini. Tangu 2019 majimbo ya Jonglei na Unity yamefurika mwaka baada ya mwaka, kwa mvua zao wenyewe na kwa maji haya ya kutoka juu. Bentiu watu waliishi nyuma ya matuta ya udongo, maji yakiwa yamewazunguka pande zote, ng'ombe wamekufa. Wakimbizi wa Sudan Kusini walioko huku Uganda, Adjumani na Bidi Bidi, walikimbia vita kwanza, hilo halina ubishi. Lakini wapo pia waliofukuzwa na maji, wakaufuata mto kinyume, kuelekea kulekule maji yalikotoka.